Jicho la Deki ya Baba

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimeshika simu, majigambo yamejaa mdomoni. Kaka yangu aliuliza kama baba anakula, nami nikamjibu, "Anakula mpaka anaomba kuongezewa."

"Mtu asiyeongea anaombaje?" akauliza.

Kaka akasema haya, Jumamosi anakuja kujionea mwenyewe, akakata simu.

Aliyeingia leo asikae mlangoni, namweleza kwa ufupi. Baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia hausogei, ulimi umegoma, umebaki mkono wa kushoto na macho. Tangu hapo yuko kwangu. Chumba tulichokuwa tukifanyia kazi sasa ni chake. Cherehani yangu imehamia barazani, na vifaa vya mume wangu vimehamia chini ya kitanda chetu.

Mume wangu hubandika tinti, zile karatasi nyeusi za vioo vya magari ya watu wasiotaka kuonekana. Anazikata kwa wembe, na vipande vyake vimejaa nyumba nzima. Utavikuta kwenye zulia, utavikuta kwenye sabuni, na siku moja nilikuta kimoja kinaelea kwenye chai yangu. Nimepiga kelele mpaka nimechoka.

Sasa kaka alishasema tangu mwanzo, mbele ya ndugu wote, kwamba siku atakayokuja akakuta baba hali, anamchukua. Kwake ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Yeye na wifi wanashinda kazini, kwa hiyo baba atashinda na mtu wa kuajiriwa. Baba huyu huyu aliyewafungia mdomo manesi wa wodi nzima, mpaka wakaanza kuzungumzia bomba la kupitishia chakula puani! Jamani, nikimwachia mgeni, baba yangu atakufa njaa na bakuli liko mbele yake.

Kwangu anakula. Ila anakula kwa masharti yake.

Baba alikuwa refa. Si wa kuandikwa magazetini, refa wa mechi za mitaani tu, lakini kuna fainali moja aliyochezesha ambayo mtu aliirekodi, na ile diski ndiyo mali yake pekee anayoitambua mpaka leo. Namwekea kwenye deki ndogo ya DVD, zile za kukunja zenye kioo chake, juu ya stuli mbele ya kitanda. Mpira ukitoka nje, baba anafungua mdomo. Mpira ukirudi uwanjani, anaufunga, na usithubutu kupenyeza kijiko maana uji wote utaupokea kifuani.

Mimi mpaka leo sijui kuotea ni nini, lakini mechi ile naijua kwa vijiko. Najua beki gani anapenda kubutua nje, nampenda kama ndugu yangu. Ikifika mapumziko bakuli limekwisha, ila diski ikifika mwisho ni kelele mpaka niirudishe mwanzo.

Basi hiyo ndiyo siri ya majigambo yangu. Nilijiambia Jumamosi kaka akifika, nawasha deki, baba anakula, kaka anaona aibu, anaondoka. Nikalala kwa raha zangu.

Na Ijumaa hiyo jioni mume wangu alinishangaza. Alichukua deki ya baba, akaketi nayo mezani, akaifuta vumbi. Mume wangu, ambaye hata sahani yake hajui inakooshewa!

"Kaka yako asije akasema tunamtunza baba kwenye uchafu," akasema.

Machozi yalinilenga, nisiwafiche. Nikasema moyoni, kumbe mtu huyu ana huruma, mimi tu ndiye mwenye mdomo.

Jumamosi akaamka kabla yangu, akasema kuna mteja wa mapema, akaondoka bila hata chai.

Nikapika uji. Nikamwinua baba, nikamwekea mito mgongoni, nikamfunga taulo shingoni. Nikaweka diski, nikabonyeza. Deki ikanguruma kidogo, ikanyamaza, ikaandika kwamba haina diski.

"Haina diski vipi na nimeiweka sasa hivi?" nikaiuliza, kana kwamba itanijibu.

Nikaitoa diski, nikaifuta kuanzia katikati kwenda pembeni, kama fundi alivyonifundisha zamani. Nikairudisha. Haina diski.

Nikabadilisha chaja. Nikachomoa betri, nikaichomeka tena. Nikajaribu diski nyingine, ya katuni, ya mtoto wa jirani. Hiyo nayo haionekani. Basi ubovu si wa diski, nikajua tumekwisha.

Jirani akachungulia dirishani, mwanamke asiyekosa dawa ya kitu chochote. "Iweke kwenye friji kidogo," akasema. "Yangu ilipona."

"Deki au diski?"

"Vyote."

"Shoga, niache."

Nikampigia fundi. Huyu fundi wetu wa redio na deki tunamwita Nimemaliza, kwa sababu hilo ndilo neno lake, analisema hata kabla hajaanza. Alikuwa barabarani, honi zinapiga kila upande.

"Taa inawaka, mama?"

"Inawaka."

"Diski inazunguka?"

"Inazunguka kidogo, halafu inasimama."

"Fungua kifuniko. Kuna kijicho pale kando, cha kioo, kidogo kama punje. Umekiona? Kifute na pamba, taratibu."

Nikakifuta taratibu. Baba ananitazama.

"Nimefuta."

"Kina vumbi?"

"Hakina hata chembe. Kimetakata, kinang'aa, cheusi ti!"

"Basi vizuri!" akapaza sauti, pikipiki inapita masikioni mwake. "Kama kimetakata ni kitu kingine. Nakuja, nimemaliza."

Nikamgeukia baba na kijiko. "Baba, leo tule bila mpira. Kwa ajili yangu tu."

Akaniangalia, akakiangalia kioo cheusi cha deki, akafunga mdomo. Nikaigiza. Ndiyo, mimi na utu uzima wangu nilisimama katikati ya chumba, nikapiga mluzi, nikasema, "Umetoka nje, umetoka nje!" Baba akafumba macho kama mtu anayemwonea mwenzake aibu.

Hapo hapo nikasikia gari linaegeshwa nje.

Kaka aliingia na viatu vyake vinavyong'aa. Akapiga goti kitandani. "Shikamoo, baba." Akaushika ule mkono wa kushoto, akaubusu. Nisiseme uongo, kaka anampenda baba. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Akatazama bakuli. Limejaa, uji umeganda juu.

"Ndiyo huyu anayeomba kuongezewa?"

"Kaka, deki imeharibika leo asubuhi. Leo tu!"

"Deki inahusiana nini na uji?"

Nikamweleza. Nilivyoeleza, nikajisikia mwenyewe ninavyofanana na mwendawazimu. Mpira ukitoka nje, mdomo unafunguka. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi, "Mdogo wangu, umekonda. Umechoka. Niachie nimchukue."

"Anakula, wallahi anakula!"

"Nimeona."

Na ndipo likanijia wazo, na laiti lisingenijia.

"Kaka, gari lako lina deki?"

"Lina. Ipo kwenye dashibodi, na kioo chake. Kwa nini?"

"Tumpeleke kwenye gari. Weka diski hii. Ukiona hajala, mchukue, sitasema neno."

Mnaona? Hakuna aliyenishika mkono. Ni mimi.

Tukambeba, kaka kwapani, mimi miguuni. Tukamketisha kiti cha mbele, tukamfunga mkanda asianguke. Kaka akasukuma diski kwenye mdomo wa ile deki. Ikaimeza. Tukasubiri, mimi nimeshika bakuli, moyo unanipiga mpaka kwenye meno.

Picha ikatokea. Kubwa, safi, uwanja wote unaonekana, na baba yule wa zamani na kaptula yake nyeusi anakimbia na filimbi mdomoni.

Baba akatoa sauti. Sikuwahi kusikia sauti ile tangu augue. Haikuwa neno, ilikuwa kicheko kilichokosa njia.

Beki wangu akabutua nje. Mdomo ukafunguka. Nikatia kijiko. "Umeona?" nikamwambia kaka. Mpira nje, kijiko ndani. "Umeona?" Kaka amesimama kando ya mlango wa gari, mdomo wazi kuliko wa baba. Bakuli likaisha kabla hata ya mapumziko, nikalipindua mbele yake lionekane chini.

"Sasa sema," nikamwambia. Nilikuwa nimeshika kiuno kabisa.

Kaka akafuta macho. Akamtazama baba muda mrefu, akaitazama deki, akanitazama mimi.

"Kumbe hataki mtu," akasema. "Anataka diski."

"Eti?"

"Anayemlisha si wewe, mdogo wangu. Ni huu mpira. Basi yeyote anaweza kumlisha, mradi awe na diski na ajue hiyo habari ya kutoka nje. Njia nzima atakuwa anaangalia, na nyumbani nitamnunulia televisheni kubwa. Nilichokuwa naogopa ni kwamba kwangu naye atagoma kula. Sasa umenionyesha anavyokula."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Kaka, ulisema akila anabaki!"

"Nilisema asipokula namchukua. Sikusema akila namwacha kwako mpaka nawe uugue. Jiangalie. Lini mara ya mwisho umelala usiku mzima?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi najua beki anayebutua, najua uji uwe na moto kiasi gani, najua akikunja kidole anataka kugeuzwa. Nikaishia kulia kama mtoto.

Kaka akazunguka, akaingia, akawasha gari asogee karibu na mlango tupakie mizigo. Akateremsha handbreki, ile breki ya mkono.

Picha ikakatika.

Kioo cheusi, na maandishi kwamba picha haionyeshwi gari likiwa linatembea. Sauti ipo, filimbi inalia, watu wanashangilia, picha hakuna. Baba akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Akaanza kuipiga dashibodi na ule mkono wake mzima, pa, pa, pa, mpaka kaka akafunga breki.

Akavuta handbreki. Picha ikarudi. Baba akatulia.

Akaiteremsha tena. Picha ikakatika, baba akapiga dashibodi.

"Nini hii sasa?" kaka akauliza.

Nilisimama nikajipangusa vumbi. Nguvu zilinirudi zote. "Gari lako ndilo linalokwambia, kaka. Lisipotulia, hakuna mpira."

"Nimelinunua juzi tu, sikuwahi kuangalia kitu humu."

"Basi utasafirije naye kutwa nzima akikupigia hivyo? Utafika?"

Mtu mkaidi ni kaka yangu. Akafunga mlango, akavuta handbreki kidogo tu, akaona picha ipo, akaondoka hivyo hivyo, imevutwa. Nikawaona wanaishia kwenye kona. Muda si muda wakarudi, gari linatambaa, magurudumu ya nyuma yananuka kama kitambaa kilichounguzwa kwa pasi. Jirani akaja mbio na ndoo ya maji.

"Inaungua!" akapiga kelele.

"Haiungui, ni breki," kaka akasema, jasho linamtiririka.

Nisiwafiche, nilicheka. Nilicheka huku nimeficha uso kwenye kanga, na moyoni nikaliombea dua gari lile. Kaka akateremka, akaegemea mlango. Alikuwa ameshindwa, nilimwona mabegani.

"Haya," akasema. "Labda abaki kwanza. Nitengeneze utaratibu mwingine, nije mwezi ujao."

Alisema abaki. Majirani ni mashahidi wangu. Nilishafungua mlango wa upande wa baba, nimeshika mkanda wake kuufungua, na hapo hapo nyuma yangu nikasikia, "Hodi hapa! Mgonjwa yuko wapi?"

Nimemaliza amefika, na mfuko wake wa bisibisi begani.

"Ndani, mezani!" nikamwambia haraka. "Deki iko ndani, nenda!"

Lakini fundi ni fundi. Akaona gari lina moshi, watu wamejaa, deki ya dashibodi inaonyesha mpira. Angepitaje?

"Hii ina shida gani, mkuu?"

"Picha inakatika nikiteremsha handbreki," kaka akasema.

"Hilo tu?"

"Fundi, deki yangu iko ndani," nikasema.

"Nakuja, mama, hili ni la kupepesa jicho." Ameshaingiza kichwa chini ya usukani. "Kuna waya humu unaotoka kwenye handbreki. Ndio unaoiambia deki gari limesimama. Ukiugandisha kwenye chuma cha gari, deki inadhani gari limesimama siku zote."

"Umewekwa kwa usalama!" nikapiga kelele. "Dereva asiangalie picha akagonga watu! Kaka, unataka kumuua baba barabarani?"

"Mimi nitaangalia barabara," kaka akasema. "Matokeo ya mechi nayajua tangu utotoni."

"Fundi, nani amekuita hapa? Si mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Basi toka humo!"

Akachomoa kichwa. Nikashusha pumzi. Alikuwa anatabasamu, mkononi koleo.

"Nimemaliza," akasema.

Kaka akateremsha handbreki. Akasogeza gari mbele, akalirudisha nyuma. Picha haikutikisika. Baba anaangalia.

Ningefanya nini? Niambieni ninyi mnaosoma. Ningelala mbele ya magurudumu? Niliingia ndani, nikakusanya nguo za baba, dawa zake, taulo lake, huku fundi ananifuata nyuma akiuliza nimeudhika nini. Nilimwambia kaka nami naenda. Akasema mume wangu je? Nikampigia mume wangu, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita ikakata.

"Ukipata ruhusa, njoo," kaka akasema. "Mlango uko wazi." Akanikumbatia. Alikuwa analia na yeye.

Nilizunguka dirishani kumuaga baba. Nikaingiza kichwa, nikamwambia, "Baba, ni mimi. Nitakufuata. Usikatae kula."

Akaunyanyua mkono wake wa kushoto, akauweka shavuni pangu. Nikadhani ananiaga. Halafu akanisukuma kichwa pembeni, pole pole, kwa sababu nilikuwa nimemziba asione mpira.

Gari likaondoka. Nilisimama pale nikisubiri ukelele wake, nikisubiri zile pa, pa, pa. Sikusikia kitu. Nilichoona kupitia kioo cha nyuma ni mkono wa baba umenyooshwa mbele, vile marefa wanavyofanya wakitaka mchezo uendelee.

Nilirudi ndani nikaketi kitandani pake. Godoro bado lina shimo la mwili wake. Nililia mpaka nikasahau kwamba fundi yupo sebuleni.

"Mama," akaita. "Njoo kidogo."

"Niache, fundi. Deki ya nini tena?"

"Njoo tu."

Alikuwa ameifungua kifuniko, ameiinamia na tochi. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Asubuhi kwenye simu uliniambia jicho linang'aa, jeusi ti."

"Ndiyo. Nililifuta."

"Zile pikipiki ziliniziba masikio, sikutia maanani. Jicho la deki haliwi jeusi, mama. Huwa lina ubluu ubluu, kama kioo cha miwani. Hebu angalia."

Akachukua kibanio chake kidogo, akakigusisha pale juu ya jicho, akavuta. Kitu kikabanduka. Akakiweka kwenye ncha ya kidole chake, akaniletea karibu.

Kilikuwa kiduara cheusi, chembamba, kinang'aa upande mmoja na upande wa pili kina gundi.

Akaweka ile diski ya katuni, akabonyeza. Deki ikanguruma, na wanyama wakaanza kuimba kwenye kioo.

"Ilikuwa nzima," fundi akasema. "Haikuwa na ubovu wowote. Ilizibwa macho."

Nilitaka kumwambia hiyo ni ajali. Nyumba hii vipande hivi viko kila mahali, kwenye sabuni, kwenye chai. Kimoja kingeweza kudondoka pale chenyewe. Nilifungua mdomo niseme. Lakini vinavyodondoka huwa vina pembe na mikia, vya ovyo ovyo. Hiki kilikuwa mviringo kamili, kimekatwa kwa wembe na mtu aliyetulia, mtu mwenye mkono wa kazi.

Nikaikumbuka Ijumaa jioni. Nikamkumbuka mezani, ameinama, na mimi machozi yananilenga kwa wema wake.

Mlango ukafunguliwa. Mume wangu. Hakuuliza baba yuko wapi. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba cha baba, akachungulia, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Wameondoka kitambo?" akaniuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Simu zangu hakupokea hata moja.

Fundi alibaki ameduwaa katikati yetu, kile kiduara bado kiko kwenye kidole chake. Mume wangu akakiona. Nami nikaona amekiona. Wanyama wanaendelea kuimba kwenye deki.

Simu yangu ikaita pale mezani. Jina la kaka. Nikarukia kuichukua, lakini mume wangu alikuwa karibu zaidi, akaweka kiganja juu yake.

"Usipokee," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kuamuru, na hilo ndilo lililonitisha. "Diski yake siioni hapa, basi inacheza kwenye gari la kaka yako. Itakuwa imefika mwisho, na baba ameanza kupiga kelele. Ukipokea, utamwambia deki ni nzima, naye atamrudisha."

Simu ikaendelea kuita chini ya mkono wake.